Wachezaji wa chesi mtandaoni: tuongelee Gambiti ya Stafford kwenye blitzi ya dakika 3

Kete Nyeusi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Humu ndani tuko wengi tunaocheza chesi usiku kwenye Lichess na Chess.com, dakika 3 kwa 3, na swali moja halikosi kurudi: nikiwa na nyeusi, nicheze nini dhidi ya e4 (mweupe akianza kwa askari wa mbele ya mfalme)? Majibu huwa yale yale, ulinzi wa Sisilia, Caro-Kann, Kifaransa. Yote mazuri. Leo nataka tuzungumzie kitu cha upande wa pili kabisa, Gambiti ya Stafford (gambiti ni kutoa kete mapema kwa makusudi ili upate mashambulizi), na nitaandika kwa kirefu maana ukienda kwenye video unaonyeshwa mtego mmoja, mfalme anafungwa, basi. Hakuna anayekwambia kinachofuata mtego ukigoma.

Niliweke wazi kabla hamjaniwahi: gambiti hii ni mbovu. Injini yoyote (programu ya kuchambua chesi) ukiipa nafasi hii inampa mweupe faida kubwa, kubwa kuliko hata yule askari mmoja uliyemtoa. Mweupe anayejua njia anakubana mapema na hupumui tena. Sitabishana na mtu kwenye hilo. Ninachotaka kueleza ni kwa nini kitu kibovu namna hii kinashinda michezo mingi ya dakika 3, tena dhidi ya watu wanaojua chesi, na ni wapi kinaacha kushinda.

Hatua zenyewe ni hizi (herufi ni zile mnazoziona kwenye skrini: N farasi, B askofu, R ngome, Q malkia, K mfalme; x ni kula, + ni cheki, ! ni hatua nzuri, O-O ni kumficha mfalme upande wake, O-O-O upande wa malkia):

1.e4 e5 2.Nf3 Nf6 3.Nxe5 Nc6 4.Nxc6 dxc6

Hatua mbili za kwanza ni Petrov, ulinzi wenye sifa ya utulivu kuliko karibu ulinzi wote wa e5. Caruana, mchezaji mkubwa wa Marekani, aliutegemea sana mwaka 2018, kwenye mashindano ya kumtafuta mpinzani wa bingwa kule Berlin, na baadaye London kwenye mechi ya ubingwa wa dunia dhidi ya Carlsen, bingwa wa wakati huo. Kwa hiyo mweupe akiona 2...Nf6 anajiandaa kwa mchezo wa taratibu. Petrov wa kawaida baada ya 3.Nxe5 ni d6, farasi anafukuzwa, halafu nyeusi anarudisha askari wake pale e4. Wewe unacheza 3...Nc6. Askari humrudishi.

Sasa tazama ubao baada ya 4...dxc6. Unakula kwa askari wa d, si wa b, na hapo ndipo penye siri yote. Ukila kwa d, askofu wa c8 njia yake inafunguka, na malkia wako anatazama chini safu ya d, kati yake na malkia wa mweupe kuna askari mmoja tu wa d2. Askofu wa pili anakwenda c5 kwa hatua moja na kuielekea f2. Mweupe ana askari mmoja zaidi, lakini upande wake wa mfalme hauna kete hata moja ya kuulinda: yule farasi wa f3 ambaye kwa kawaida ndiye mlinzi, ameshakufa c6.

Nije kwenye hoja yangu. Stafford haimwangushi mtu kwa sababu amezembea. Inamwangusha kwa sababu anafanya alichofundishwa. Sote tulipoanza tuliambiwa: toa kete zako, mbane farasi wa mwenzako kwa askofu, mfiche mfalme mapema kwa O-O, adui akisogea g4 mfukuze kwa h3. Mafunzo mazuri. Kwenye nafasi hii kila moja lina shimo chini yake. Angalieni.

Kumbana farasi. 5.d3 Bc5 6.Bg5. Hatua inayokuja yenyewe mkononi, unamlinda e4 halafu unambana farasi kwa malkia wake (akisogea, malkia analiwa). Jibu ni 6...Nxe4! Farasi anaondoka na kumwacha malkia aliwe. Akimla, 7.Bxd8 Bxf2+ 8.Ke2 Bg4, chekimeti. Askofu wawili na farasi mmoja wanamfunga mfalme katikati ya ubao, na malkia wake mwenyewe pale d1 amemzibia njia. Asipomla malkia akala farasi, 7.dxe4 Bxf2+ na mfalme akimla askofu tu, Qxd1, malkia wa mweupe kaondoka. Njia inayompa nafuu kidogo ni 7.Be3, lakini hata hapo 7...Bxe3 8.fxe3 Qh4+ 9.g3 Nxg3 10.hxg3 Qxh1 na amepoteza ngome.

Kusukuma askari kumfukuza farasi. 5.e5 Ne4, na mweupe anaona farasi amekaa vibaya, anacheza 6.d3 kumfukuza tena. 6...Bc5! Akimla, 7.dxe4 Bxf2+ na malkia wa d1 anaondoka vile vile.

Kumficha mfalme na kucheza h3. Huu ndio ninaoupenda, maana hauna haraka. 5.d3 Bc5 6.Be2 h5. Mweupe anashangaa h5 ya nini, anacheza 7.O-O. 7...Ng4, na sasa 8.h3, hatua ambayo karibu kila mtu anaicheza. Humrudishi farasi. Unacheza 8...Qd6 na kutishia Qh2 chekimeti. Akimla farasi, 9.hxg4 hxg4, safu ya h imefunguka, ngome yako ya h8 inatazama chini hadi h1. Akijaribu 10.g3 kuziba njia ya malkia, Qxg3 ni chekimeti: askari wa f2 hawezi kula kwa sababu askofu wa c5 amembana kwa mfalme wake. Akijaribu 10.Re1 mfalme apate pa kutokea, Qh2+ Kf1 Qh1, chekimeti. Kinachomwokoa asifungwe hapo hapo ni kumtoa askofu bure kwa 10.Bf4.

Upangeni huo wa tatu kwenye ubao mara mbilitatu. Kila kete nyeusi inafanya kazi, hata ngome ambayo haijasogea tangu mchezo uanze.

Kuhusu saa. Dakika 3 bila nyongeza ni sekunde 180. Mchezo wa hatua 40 unakupa wastani wa sekunde 4 na nusu kwa kila hatua. Wewe hatua nane za kwanza unazicheza kwa kichwa, hazikuli hata sekunde 10. Mweupe hapo hapo anatakiwa agundue kwamba mafunzo yake yote leo hayafai, atafute hatua isiyopendeza kwa macho, na asikosee hata mara moja. Akikaa sekunde 40 akaipata, amepata hatua sahihi na amepoteza karibu robo ya muda wake. Fidia ya yule askari uliyemtoa ipo kwenye saa, injini haihesabu hilo.

Gambiti hii haikuzaliwa jana, ilikuwepo miaka mingi bila kusikika. Aliyeifanya ijulikane dunia nzima ni Eric Rosen, Mmarekani mwenye cheo cha International Master, kwa kuicheza mbele ya watazamaji wake mtandaoni, hasa kuanzia 2020 watu walipokuwa wamejifungia ndani. Toka hapo wengi wameshaiona, na hilo nalo tuliongelee.

Karibuni.

---

Ngome_h8

Mkuu umeandika vizuri, ila mimi ni mpinzani wa haya mambo na nitakuwa mkweli. Gambiti za mitego zinafundisha watu kutega. Unacheza miezi sita, pointi zinapanda, halafu unafika kiwango ambacho wote wanajua dawa na huna ufunguzi mwingine. Unaanza upya. Nimeona vijana wa namna hii kwenye mashindano ya uso kwa uso, hatua ya 10 wako hoi na hawajui la kufanya kwa sababu mpinzani hakuingia mtegoni.

Na pia kwa maoni yangu si uungwana. Unashinda kwa mtu kutojua, si kwa kumzidi mchezo.

---

Kete Nyeusi

Ngome_h8, nianze na la uungwana. Ubao uko wazi kwa wote wawili. Kete zote zinaonekana, hakuna kilichofichwa. Mtu anayefungua injini kwenye dirisha la pili huku anacheza, huyo ndiye anayevunja uungwana. Anayetoa askari wake mbele ya macho yako na kukuambia haya thibitisha, huyo anakupa heshima: amekubali kuwa nyuma tangu hatua ya 4, na ukijua unamshinda.

Hili la kutega tunakubaliana zaidi ya unavyodhani. Ndiyo maana nimesema mtego ukigoma ufanyeje ndilo swali lenyewe. Anayeicheza Stafford kwa kusubiri Bg5 peke yake hajaicheza Stafford. Nitaliandikia bandiko lake hapo chini.

---

BintiSataranji

Asante kaka kwa uzi. Mimi nachezea upande wa pili, napenda e4, na hii kitu imeniudhi mwaka mzima. Tafadhali toa dawa na wewe mwenyewe, usituachie tukatafute.

---

Kete Nyeusi

Dada, dawa naitoa bila kinyongo, hata mimi nikiwa na nyeupe naitumia.

5.d3 Bc5 6.Be2. Hadi hapo mweupe yuko salama. Angalia askofu wa e2 anafanya kazi mbili: anaitazama g4 na anamlinda malkia wa d1. Ule ujanja wa Nxe4 ukifuatiwa na Bxf2+ haufanyi kazi tena, kwa sababu nyeusi akimla malkia wako, askofu anamla wa kwake. Nyeusi atacheza 6...h5 akikusubiri O-O.

Usifiche mfalme. Cheza 7.c3.

Haipendezi kwa macho, najua. Haitoi kete, inamnyima farasi wa b1 mahali pake pa kawaida. Lakini inayokuja ni d4, na d4 ikishasimama, askofu wa c5 ambaye ndiye roho ya gambiti nzima ametazamana na ukuta. Nyeusi akiwahi 7...Ng4 unamjibu 8.d4 bila kutetereka, askofu inabidi aondoke au atolewe kafara, na kafara hiyo haitoshi. Mfalme wako akae e1 kwa amani. Ukishacheza Be2, mashambulizi ya Stafford yanamtafuta mfalme aliyekaa g1. Usipokwenda g1 hana wa kumtafuta.

Ukimaliza hapo, badilishaneni malkia. Hesabu askari: wewe una wanane, yeye saba, na wawili kati ya hao saba wamepangana c6 na c7. Mchezo wa mwisho, yaani kete zikibaki chache na malkia hawapo, ni wako.

---

BintiSataranji

Nimeielewa sasa. Nilikuwa nacheza Be2 halafu O-O, kumbe nilikuwa namletea mfalme mlangoni. Ubarikiwe.

---

MchezajiWaBando

Wakuu mimi naicheki Gambiti ya Englund. 1.d4 e5, kwa sababu Stafford inataka e4 na watu wa d4 ni wengi siku hizi. Mnaionaje?

---

Kete Nyeusi

Ndugu, Englund ina mtego mmoja maarufu kuliko yote ya mtandaoni, na ni mzuri: 1.d4 e5 2.dxe5 Nc6 3.Nf3 Qe7 4.Bf4 Qb4+ 5.Bd2 Qxb2 6.Bc3 Bb4! 7.Qd2 Bxc3 8.Qxc3 Qc1, chekimeti. Na 8.Nxc3 ni Qxa1+, ngome imekwenda. Mweupe hapo alidhani yeye ndiye anayemtega malkia wako.

Tatizo langu na Englund ni hatua ya 6. Akicheza 6.Nc3 badala ya Bc3, mtego umekwisha na wewe una malkia peke yake katikati ya kundi la adui: 6...Bb4 7.Rb1 Qa3 8.Rb3, anaanza kukukimbiza huku kete zako nyingine zimelala nyumbani. Na 6.Nc3 si hatua ngumu kuiona. Ni hatua ya kawaida, kutoa farasi. Hapo ndipo ninapoitofautisha na Stafford. Kwenye Stafford hatua za kawaida zinaua na hatua isiyo ya kawaida inaokoa. Kwenye Englund, baada ya ule ujanja wa malkia, hatua ya kawaida kabisa inamwokoa mweupe.

Kwa hiyo buleti ya dakika 1, sawa, cheza Englund, mtu hana muda hata wa kuangalia. Dakika 3 nakuwa na wasiwasi. Dakika 10 usithubutu.

---

Mzee wa Rapidi

Vijana, mimi nimecheza sataranji tangu enzi za kuazima ubao maktaba. Naomba niwaongezee kitu cha historia kidogo. Haya mambo si ya mtandao. Marekani kulikuwa na mtu anaitwa Alonzo Wheeler Jerome, miaka ya 1870, aliyechapisha gambiti ya kumtoa askofu hatua ya nne tu: 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Bc5 4.Bxf7+. Kete nzima, si askari! Mbovu kuliko zote mnazozitaja. Watu wakaandikiana kuhusu yake kwenye majarida. Blackburne, Mwingereza yule mkubwa, alikutana nayo na ushindi wake ule unachapishwa hadi leo.

Nilichotaka kusema ni kwamba gambiti mbovu hazifi. Zinasubiri mchezo uwe wa haraka.

---

Kete Nyeusi

Shikamoo mzee. Umeniongezea kitu kikubwa. Na mwishoni mwa miaka ya 1990 ilitokea tena: Mjerumani Steffen Jakob aliipa programu yake ya chesi, iliyoitwa Brause, kazi ya kucheza Gambiti ya Halloween dhidi ya watu mtandaoni, 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Nc3 Nf6 4.Nxe5, farasi mzima kwa askari mmoja. Na watu wakawa wanaangushwa. Mashine haikuwa na hofu, na waliokaa upande wa pili walikuwa na dakika chache tu.

---

Ngome_h8

Shikamoo kwa mzee kwa niaba yetu sote. Kete Nyeusi, umeahidi bandiko la mtego ukigoma. Nalisubiri, maana hapo ndipo nitakapojua kama nibadilishe mawazo.

---

Kete Nyeusi

Haya mkuu, twende.

Tuseme mweupe amecheza sahihi, 5.d3 Bc5 6.Be2 h5 7.c3. Uko nyuma kwa askari na askofu wako anakaribia kufungiwa. Wengi hapa wanafanya moja ya mambo mawili: wanaendelea kutoa kafara kwa hasira hadi kete ziishe, au wanaanza kubadilishana kete wakitafuta suluhu. Yote mawili yanakupeleka kaburini, la pili taratibu zaidi.

Malkia asitoke ubaoni kwa gharama yoyote. Kila ubadilishanaji wa kete unamleta mweupe karibu na ule mchezo wa mwisho niliomweleza BintiSataranji. Mfalme wako mpeleke upande wa malkia, O-O-O. Safu ya d upande wako haina askari tayari, ngome inaingia moja kwa moja. Askari wa h usimrudie kumfikiria, aendelee h4 na ikibidi h3. Mweupe akibaki katikati na mfalme wake, kete zake za upande wa malkia zinachelewa, farasi wa b1 hasa, maana c3 ameikalia askari. Muda huo ndio mali yako. Hutoshi kumshinda mweupe anayejua, lakini unamlazimisha atafute hatua ngumu nyingine tano au sita, na saa yake inaliwa.

Kisha, na hili ndilo linalomtenganisha mchezaji na mtegaji, mchezo ukiisha usikimbilie mwingine. Fungua ule ulioshindwa. Tafuta hatua ambayo mweupe aliacha njia ya kawaida na kukubana. Lichess ina kitabu cha ufunguzi bure kabisa, unachuja kwa kiwango cha pointi na kwa aina ya muda, unaona wachezaji wa kiwango chako kwenye blitzi wanajibu nini hasa baada ya 4...dxc6. Si injini inasema nini. Watu wanafanya nini. Ukikuta kwenye kiwango chako wengi wanacheza d3 na Be2 halafu c3, basi Stafford imekufikisha mwisho, iache, nenda Petrov wa kweli na 3...d6. Hatua mbili za mwanzo ni zile zile, hujapoteza kitu.

Kwa hiyo ile hofu yako ya kuanza upya, jibu lake liko ndani ya ufunguzi wenyewe. Na miezi uliyoicheza haikwenda bure. Imekufundisha kuona f2, imekufundisha askari aliyebanwa halindi, imekufundisha kwamba mfalme aliyefichwa anaweza kuwa amefichwa mahali pabaya. Mimi mafumbo ya chekimeti ya hatua tatu niliyaona kwa urahisi zaidi baada ya Stafford kuliko baada ya kitabu chochote.

Kuhusu mashindano ya uso kwa uso niko upande wako moja kwa moja. Kwa sheria za FIDE, shirikisho la chesi duniani, blitzi ni dakika 10 au chini, rapidi ni zaidi ya 10 hadi chini ya 60. Kwenye rapidi sichezi Stafford. Mtu akiwa na dakika 15 anaiona c3.

---

Ngome_h8

Hapo kwenye Petrov umenishika. Sikuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kutoka Stafford akabaki kwenye ufunguzi ule ule. Bado siipendi, lakini sitamkataza kijana tena, nitamwambia ajue na 3...d6 toka siku ya kwanza.

---

MchezajiWaBando

Wakuu swali la nyongeza ya sekunde. Mimi mtandao wangu unasuasua, huwa nachagua 3+2 (dakika 3, na sekunde 2 zinaongezwa kila hatua) ili nisiishiwe muda kwa ajili ya bando. Stafford inafaa huko?

---

Kete Nyeusi

3+2 ni mchezo tofauti na 3+0, watu hawalitilii maanani hili. Chukua hatua 40: 180 jumlisha 80 ni sekunde 260, sekunde 6 na nusu kwa hatua badala ya 4 na nusu. Pia mweupe akishakuwa mbele kwa askari na malkia wametoka, zile sekunde 2 zinamtosha kumalizia bila kuishiwa. Kwenye 3+0 angeweza kukushinda ubaoni akashindwa kwenye saa. Kwa hiyo inafaa, ila usitegemee saa ikuokoe mchezo wa mwisho, shinda kabla ya hapo.

Na kama mtandao unakata kata, kuna jambo la kuangalia upande wako pia. Faida yako ni kucheza hatua nane za kwanza haraka. Kila hatua ikichelewa sekunde mbili kufika, faida hiyo inaliwa kabla hujaanza.

---

BintiSataranji

Swali la mwisho kaka, nimeanza kuijaribu na nyeusi. Mara nyingi mweupe hana tamaa, hachukui e5. Anacheza 3.Nc3, mimi Nc6, na jana mmoja akanitolea farasi, 4.Nxe5! Ndiyo ile Halloween mliyoisema? Nilichanganyikiwa.

---

Kete Nyeusi

Ndiyo yenyewe dada. Sasa wewe ndiye unayetegwa, kwa hiyo kumbuka kilichokuwa kinawaangusha wengine: kushikilia ulichopewa.

4...Nxe5 lazima umle. 5.d4 anamfukuza farasi. Mrudishe 5...Nc6, naye atakuja 6.d5 kumfukuza tena. Hapa usimkimbize farasi. Cheza 6...Bb4! na umwachie amle: 7.dxc6 Nxe4. Umerudisha kete, lakini katikati yake imevunjika, farasi wake wa c3 amebanwa, na mfalme wake yuko e1 hana kinga. Akicheza 8.Qd4 kutishia kete zako mbili pamoja na g7, unajibu 8...Qe7 na safu ya e inamwelekea mfalme wake. Nyeusi yuko vizuri.

Akicheza 3.d4 badala ya Nc3, hiyo ni Petrov ya kawaida, mle e4 kwa farasi, 3...Nxe4, halafu 4.Bd3 unajibu 4...d5. Hakuna mtego hapo wa upande wowote, mnacheza chesi.

Leo usiku niko Lichess kuanzia saa tatu. Anayetaka kunichezea Stafford nikiwa na nyeupe aje inbox, nitacheza c3 kila mara hadi tuone nani anapata jipya.